Kabla Kitu Hakijapandishwa Ukutani

Mchongaji wa Wamunyu, Ukambani, akimaliza twiga wake wa mti wa mhugu, amefanya kazi ambayo wengi wetu hatuiwezi. Amelisoma gogo, akajua shingo ipite wapi ili lisipasuke, akalifuata kwa tezo, akamalizia kwa kisu na msasa. Kisha twiga huyo anasafirishwa hadi Nairobi, anapangwa juu ya turubai pale Maasai Market katikati ya kundi la twiga wenzake, na mtalii anaanza kukata bei. Anakata nusu, halafu anakata tena. Jina la mchongaji halitajwi popote. Huenda hata muuzaji halijui.

Nimeanza na twiga kwa sababu ya jibu ninalopewa kila ninaposema kwamba naipenda sanaa ya dhana, yaani sanaa ambayo wazo ndilo kazi yenyewe, na kitu unachokiona mbele yako kinaweza kuwa kiti, ndoo au gurudumu lililotoka dukani. Jibu lenyewe ni hili: hapo hakuna ufundi, hata mimi ningefanya, watu wanaibiwa pesa zao. Naliheshimu jibu hilo, maana linatoka kwa watu wanaojua kazi ya mkono ni nini. Lakini limejengwa juu ya dai ambalo hapa Kenya halijawahi kuwa kweli, kwamba ufundi wa mkono ndio unaokipa kitu thamani. Tunaambiwa kizuri chajiuza. Twiga ni mzuri na hajiuzi. Anauzwa, na anayefaidi zaidi si aliyemchonga. Kama ufundi peke yake ungekuwa ndio bei, Ukambani kungejaa maghorofa yaliyojengwa kwa tezo.

Historia ya twiga huyo inarudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Uchongaji wa Kikamba kama biashara unahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda upande wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa Kizaramo, akarudi nyumbani na ujuzi ambao baadaye uliwafikia wengi. Mizigo ya vita hivyo ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wa Kiafrika, na mwaka 1917 ndipo serikali ya kikoloni ilipowasomba watu kwa nguvu na kwa wingi. Jina la Kariokor, soko la Nairobi tunaponunua viondo, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao. Wengi wao walikufa, na sanamu ya ukumbusho iliyopo Kenyatta Avenue haimtaji hata mmoja wao kwa jina.

Aprili ya mwaka huo huo, 1917, jijini New York, kamati ya maonyesho ya Society of Independent Artists ilikuwa inabishana kuhusu choo. Kwa usahihi zaidi, ni sinki la kukojolea la wanaume, la kauri nyeupe, bidhaa ya kiwandani, lililolazwa chali na kutiwa sahihi ya rangi nyeusi: R. Mutt 1917. Kazi ilipewa jina Fountain, yaani chemchemi. Chama hicho kilikuwa kimetangaza kwamba hakina majaji, kwamba yeyote atakayelipa dola 6 ataonyesha kazi yake. Mutt alikuwa amelipa. Hata hivyo kamati ilikataa kuliweka sinki lake mbele ya watu. Marcel Duchamp, Mfaransa aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wa chama, akajiuzulu, na baadaye wengi wakaamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya jina la Mutt. Mwezi uliofuata jarida dogo lililoitwa The Blind Man likamtetea Mutt kwa hoja ambayo bado inatembea: haijalishi kama alilitengeneza kwa mikono yake au la, alilichagua. Alikiondoa kitu cha kila siku kwenye matumizi yake, akakipa jina jipya na mahali papya, na kwa kufanya hivyo akakiwekea wazo jipya.

Hoja hiyo ilivunja kitu kikubwa. Kabla yake mtu aliweza kuamini kwamba uzuri umo ndani ya kazi, kama maji ndani ya dafu, na kwamba jumba la sanaa linautambua tu. Baada yake ilidhihirika kwamba jumba lenyewe, kamati, sahihi na kibandiko cha jina vina mkono katika kuutengeneza uzuri huo. Mchongaji wa Wamunyu angeweza kuwaambia hayo bila sinki lolote. Yeye anajua kwamba kinyago kilekile, kikitoka juu ya turubai na kuingia kwenye kabati la kioo lenye taa, bei yake hupanda bila tezo kugusa mti tena.

Lakini kuna sehemu ya hadithi ya Fountain ambayo haisimuliwi sana, na mimi ndiyo inayonishika. Lile sinki la kwanza lilipotea. Kilichobaki ni picha aliyoipiga Alfred Stieglitz. Mwaka 1964, Duchamp akiwa mzee na mashuhuri, zilitengenezwa nakala 8 nchini Italia kwa idhini yake. Na kwa kuwa sinki la aina ile halikuwapo tena dukani, mafundi walilifinyanga upya wakifuata picha, wakalichoma na kulipaka ili lifanane na bidhaa ya kiwandani. Kwa hiyo kazi iliyoutoa mkono wa fundi nje ya sanaa ilirudishwa duniani na mikono ya mafundi, tena kwa uangalifu mkubwa. Moja ya nakala hizo iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 1.7. Waliozifinyanga hawamo katika kichwa cha habari. Hata upande wa wazo kuna jina linaloelea: katika barua kwa dada yake, Aprili 1917, Duchamp aliandika kwamba sinki lilitumwa na rafiki yake wa kike aliyejificha nyuma ya jina la kiume. Wapo wanaoamini rafiki huyo ni Elsa von Freytag-Loringhoven, mshairi na msanii wa Kijerumani aliyekuwa akiishi New York, na ubishi huo haujaisha.

Ndizi ya msanii wa Kiitaliano Maurizio Cattelan naitaja kwa sababu kila mtu huniuliza. Ilibandikwa ukutani kwa gundi ya utepe huko Miami mwaka 2019 na kuuzwa kwa dola 120,000. Novemba 2024 toleo moja lake lilinunuliwa mnadani New York kwa dola milioni 6.2, na mnunuzi akaila ndizi hadharani. Magazeti yaliandika kwamba ndizi ya siku ile ya mnada ilitoka kwenye kibanda cha matunda kilicho karibu, kwa senti 35 za dola. Mjadala wote duniani ukawa ni kama ndizi inaweza kuwa sanaa. Hilo kwangu si swali gumu, jibu ni kwamba inaweza. Ninachotaka kujua ni kwa nini mwenye kibanda anaingia kwenye hadithi kama kichekesho tu, wakati kazi nzima imesimama juu ya bidhaa yake.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hapa jambo linabadilika. Duchamp alisema kwamba alivichagua vitu ambavyo havimvutii wala kumchukiza, vitu vya baridi. Nairobi ni vigumu kukipata kitu cha namna hiyo. Chukua mtungi wa manjano wa lita 20. Ulizaliwa ukiwa na mafuta ya kupikia, ukafika kwa mwenye duka, ukaoshwa, ukauzwa, ukawa wa maji. Ukijaa maji una uzito wa kilo 20 na ushei, na mara nyingi anayeubeba ni mwanamke au mtoto. Maji yakikatika, mitungi ndiyo inayopanga foleni kwa niaba ya watu, na kila mmoja una alama yake: kitambaa chekundu kwenye mkono, tone la rangi, au jina lililochorwa kwa msumari wa moto, Mama Shiro, Mama Brayo. Ukipasuka unazibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Ukishindikana unakatwa, nusu ya chini inapandwa sukuma wiki na nusu ya juu inakuwa faneli. Mtungi huo umetiwa sahihi kabla msanii hajauona. Una historia ndefu kuliko michoro mingi ya mafuta niliyowahi kusimama mbele yake.

Msanii anayelijua hili hufanya kazi tofauti kabisa na yule anayeliona takataka lenye rangi nzuri. Romuald Hazoumè wa Benin ametengeneza vinyago vya nyuso kutoka kwenye mitungi kwa miaka mingi, na mitungi yake si ya kuokota ovyo. Ni ile inayobebea petroli ya magendo kutoka Nigeria, ambayo watu huitanua kwa moto ili ibebe zaidi, na ambayo huweza kumlipukia anayeisafirisha. Katika kazi yake La Bouche du Roi alipanga vinyago 304 vya mitungi kwa umbo la meli ya watumwa, ile iliyoitwa Brookes, maarufu kwa mchoro wake. British Museum iliinunua mwaka 2007, miaka 200 baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa. Ukiisimamia kazi ile huwezi kuuliza ufundi uko wapi. Chombo kinachobeba hadi kinachoka, na watu waliobebwa na kubebeshwa kama vyombo, vimekuwa jambo moja, na Hazoumè hakuhitaji kukifuta chombo ili aliseme hilo.

Hapa kwetu yupo Cyrus Kabiru, aliyekulia akilitazama jaa la Dandora dirishani. Alipotaka miwani utotoni, baba yake alimwambia ajitengenezee. Amejitengenezea kwa nyaya, vijiko, vifuniko na vyuma chakavu hadi miwani yake ikazunguka dunia, kisha akageukia baiskeli za Black Mamba, zile nzito za zamani ambazo pikipiki zimezisukuma pembeni. Gor Soudan amefanya kazi na waya mweusi unaobaki tairi zikichomwa barabarani wakati wa maandamano. Ukishajua ule waya umetoka wapi, huwezi tena kuuona kama mstari tu. Dickens Otieno anakata mikebe ya soda na bia kuwa nyuzi na kuzifuma kama kitambaa, na kazi zake zilifika Venice mwaka 2022 kwenye banda la Kenya. El Anatsui, Mghana aliyeishi na kufundisha Nsukka, Nigeria, ameunganisha vizibo vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vikawa mapazia makubwa kama ukuta wa kanisa. Wanne hawa ni tofauti sana, nami sipendi tabia ya kuwaweka wote kapu moja na kuwaita wasanii wa kurejeleza taka. Anatsui hazungumzii usafi wa mazingira. Pombe ilikuwa bidhaa ya biashara iliyowanunua watu, na vizibo vyake vinaijua habari hiyo.

Mwaka jana nilikwenda na mjomba wangu kwenye maonyesho hapa jijini. Mjomba ni fundi wa Kamukunji, kule Nairobi wanakofua bati. Masanduku ya bati ambayo watoto huenda nayo bweni Januari, majiko, makarai, vyote amevifua tangu ujana. Kwenye chumba cha pili kulikuwa na makarai yamening'inizwa kwa minyororo kutoka darini, yakizunguka polepole kila mtu alipopita. Nilidhani angeuliza kama hiyo ni sanaa. Hakuuliza. Alivua kofia, akasogea karibu sana, akainamisha shingo na kutazama ukingo wa chini wa karai moja, pale bati linapokunjwa kuuzunguka waya ili lisikate mikono.

"Hii imekunjwa na mtu wa mkono wa kushoto," akasema.

Nikamwomba anionyeshe. Akanionyesha jinsi alama za nyundo zilivyolala upande mmoja, na jinsi mkunjo ulivyoanza mahali ambapo yeye asingeanzia. Akataja safu ya vibanda ambako hufanywa hivyo. Akasema waya uliotiwa ndani ni wa bei nafuu, hivyo karai limetengenezwa msimu wa kazi nyingi. Kisha akasoma kibandiko ukutani, ambacho kilitaja jina la msanii, mwaka, na maneno haya: vitu vilivyookotwa, vipimo mbalimbali.

"Mwanangu, hii haikuokotwa," akasema kwa upole, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto. "Mpya hivi iokotwe wapi? Hii ilinunuliwa. Kuna mtu aliiuza."

Nimeyawaza maneno yale tangu siku hiyo. Kazi yenyewe niliipenda, na naipenda hadi leo. Wazo la vyombo vya kubebea zege vikielea bila uzito ni zuri, nami sidhani msanii alimdhulumu mtu. Lakini kile kibandiko kilifanya jambo ambalo kazi haikulihitaji. Kilimfuta fundi ili msanii aonekane ameanza na kitu kisicho cha mtu. Huko New York ya 1917 kulikuwa na kiwanda, na kiwanda hakina mkono wa kushoto. Kamukunji upo. Kila karai lina mtu wake, na mtu huyo yuko mwendo wa matatu moja kutoka kwenye jumba la maonyesho. Tumeichukua lugha iliyotungwa kwa ajili ya bidhaa za kiwanda na kuivisha vitu vilivyofuliwa mmoja mmoja na watu tunaoweza kuwapigia simu.

Uhuru wa msanii kukihamisha kitu na kukipa jina jipya nautetea kwa moyo wote. Umetupa baadhi ya kazi zenye nguvu zaidi za bara hili. Ninachokataa ni kwamba kuhamisha huko hakumgusi mtu yeyote. Kenya tunazo sababu za kujua hivyo kuliko wengi, kwa sababu tumekuwa upande wa pili wa mchezo huo. Kigango cha Wamijikenda ni mti uliochongwa kumkumbuka mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Husimikwa mahali pake na hakihamishwi, hata ukoo ukihama. Huachwa hapo hadi kioze. Kuanzia karne iliyopita vigango viling'olewa usiku, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, vikavuka bahari na kusimamishwa kwenye sebule na makumbusho ya Marekani vikiitwa sanaa ya Afrika, vikitazamwa jinsi vinavyofanana na sanamu za kisasa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Kimarekani alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama, mojawapo ya makabila ya Wamijikenda, kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Viligunduliwa katika makumbusho mawili tofauti nchini Marekani, na mwaka 2007 vikarudi kwa familia ile.

Kwa maelezo ya The Blind Man, aliyeking'oa kigango alifanya vilevile: alikitoa kitu kwenye matumizi yake, akakipa jina jipya na mahali papya. Tofauti ni kwamba sinki la kukojolea halikuwa na mtu wa kulilia. Ndiyo maana siwezi kuikubali hoja ya kuchagua peke yake. Lazima iongezewe swali la nani mwingine alikuwa na haki juu ya kitu hicho, na kama aliulizwa.

Mwaka 2021 Makumbusho ya Kitaifa hapa Nairobi yaliandaa maonyesho yaliyotokana na mradi wa pamoja na The Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi, na SHIFT, kundi la wasanii wa Ufaransa na Ujerumani. Mradi huo ulikuwa umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya nje. Vigoda, vibuyu, mikuki, vikoba, shanga, vingi vikiwa vitu vya nyumbani ambavyo bibi zetu wangevitambua kwa kuvigusa tu. Baadhi ya makabati ya vioo yaliachwa matupu. Kabati tupu ni sanaa ya dhana tupu kabisa, haina hata sinki. Lakini ilikuwa na uzito kwa sababu kila mtazamaji alijua nini kinakosekana, au aliona aibu ya kutokijua. Hapo wazo lilifanya kazi ambayo hakuna tezo lingeweza kuifanya, na wanaosema sanaa ya aina hii ni uvivu ningependa waniambie ni mchoro gani ungesema jambo lile vizuri zaidi.

Kwa hiyo ninapoingia kwenye maonyesho ya vitu vya kawaida siku hizi, nasikiliza kama kile kitu bado kinaongea. Kama mtungi umepakwa rangi ya dhahabu hadi hujui tena kama ulibeba maji au petroli, huwa napita. Kama kibandiko kinaniambia umetoka kisima gani, nakaa. Bei inanishughulisha pia. Msanii akinunua makarai 60 kwa bei ya Kamukunji na kazi ikauzwa kwa mamilioni, sheria haimlazimishi kurudi kwa fundi, nami siombi sheria. Naomba desturi. Wanamuziki wamezoea kuwataja wapiga gitaa na wapiga ngoma wao, na hakuna aliyepungukiwa kwa kufanya hivyo.

Ombi langu kwa wasimamizi wa maonyesho wa jiji hili ni dogo na linatekelezeka wiki hii. Pale mnapoandika "vitu vilivyookotwa", andikeni vilikotoka: karai, bati la pipa, limefuliwa Kamukunji na fulani. Kama hamjui ni fulani gani, kuna wanaojua. Mjomba wangu yupo kibandani kila siku isipokuwa Jumapili, na yuko tayari kuutazama ukingo.